Kuishabikia Timu ya Ukoo Ukiwa Mbali: Mwongozo kwa Aliyerithi Coastal Union

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye timu yake hakuichagua mwenyewe. Baba aliipenda, au babu mzaa mama, au mjomba mmoja aliyekuwa hakosi Uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi, na mtoto akazaliwa Muscat, Leicester au Minneapolis akilisikia nyumbani jina la Coastal Union, klabu ya soka ya mji wa Tanga, Tanzania, kabla hajajua Tanga iko upande gani wa ramani. Huenda mtu huyo hajawahi kuiona timu hiyo ikicheza hata mara moja, lakini akiulizwa timu yake ya Tanzania ni ipi, hasiti kujibu.

Nimeichukua Coastal Union kuwa mfano kwa makusudi. Shabiki wa Simba au Yanga aliyeko ughaibuni hana shida kubwa ya kupata habari, kwa sababu kila anachokifanya mchezaji wa timu hizo, hata akikohoa mazoezini, kitatangazwa kabla ya jua kuzama. Klabu ya mkoani ni jambo jingine. Habari zake ni chache, jezi zake haziuzwi kila kona, na msimu mbaya unaweza kuiondoa kabisa kwenye runinga. Hatua zinazofuata zitamfaa pia mtu wa Mbeya City, Pamba ya Mwanza au klabu nyingine yoyote ya namna hiyo, mradi abadilishe majina ya mahali na ya watu. Zote zinategemea jambo moja, nalo ni kwamba ushabiki wa kurithi haudumu kwa simu na intaneti peke yake; lazima uwe na mtu nyumbani ambaye mnazungumza mpira.

Hatua ya kwanza: hakikisha timu ya familia ni ipi

Hili linaonekana kuwa jambo la kuchekesha, lakini familia nyingi zina toleo zaidi ya moja la historia yake. Tanga ni mji wenye klabu mbili kongwe, Coastal Union, yaani Wagosi wa Kaya, na African Sports, yaani Wana Kimanumanu, na si ajabu kaka na dada wa tumbo moja kugawanyika kati ya hizo mbili. Isitoshe, watu wengi wa mikoani wana timu mbili: ile ya kwao, halafu Simba au Yanga. Kwa hiyo unaposikia kwamba babu alikuwa mtu wa mpira, usiharakishe kununua jezi kabla ya kuuliza.

Uliza kwa simu, kwa sauti, na uanze na mkubwa kuliko wote aliye hai na anayekumbuka vizuri. Ujumbe wa maandishi utakuletea jibu la maneno matatu, ilhali mazungumzo ya sauti yatakuletea majina, ugomvi na vicheko. Usiulize swali la jumla kama vile alianzaje kuipenda timu, kwa maana atakujibu kwa jumla vilevile. Uliza vitu vinavyoshikika: alikuwa akienda uwanjani na nani, walikuwa wakikaa upande gani, nani alikuwa akiwalipia kiingilio, na mchezaji gani walikuwa wakimwigiza mtaani. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka, kuna nini huko?”

“Salama tu, ami. Nataka kujua habari za Coastal. Hivi marehemu babu alikuwa Coastal kweli, au ni wewe tu?”

“Babu yako? Babu yako alikuwa Sports! Coastal tulikuwa mimi na baba yako, tena tukienda kwa kujificha.”

Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko kurasa nyingi za historia, kwa sababu sasa unajua kwamba Coastal yako ilianza kwa baba, tena kwa kumkaidi babu. Mwombe ruhusa umrekodi, na ukishapata rekodi hiyo ihifadhi mahali pawili. Wazee hawa ndio waliokuwa vijana mwaka 1988, Coastal ilipotwaa ubingwa, na kumbukumbu zao za msimu ule hazijaandikwa popote. Kama mkubwa huyo ni mgonjwa au anachoka haraka, gawanya mazungumzo katika simu fupi kadhaa, na usigeuze kila simu kuwa mahojiano. Siku nyingine mjulie hali tu.

Hatua ya pili: ijue historia kiasi cha kutoaibika

Huhitaji kukariri vikosi vya miaka yote. Unahitaji nguzo chache ambazo shabiki yeyote wa Coastal anatarajiwa kuzijua, ili utakapoingia katika mazungumzo ya wenyewe usionekane mgeni aliyevalishwa jezi.

Klabu ilianzishwa mwaka 1948, na rangi zake ni nyekundu na nyeupe. Mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara, na hilo ndilo taji ambalo wazee wanalirudia kila wanapokutana. Msimu wa 2015/16 ni wa majonzi kwa mkoa mzima, kwa sababu timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa pamoja. Coastal ilirejea msimu wa 2018/19, na mwaka huo huo wa 2018 ikamsajili mwanamuziki Ali Kiba, usajili ambao uliwafanya hata watu wasiofuatilia soka waulize Tanga kuna nini.

Halafu kuna fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania iliyochezwa Arusha, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mwezi Julai mwaka 2022. Coastal, ikiwa chini ya kocha Juma Mgunda ambaye ni mtoto wa nyumbani, ilitoka sare ya mabao 3-3 na Yanga, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na Abdul Suleiman, maarufu kama Sopu. Yanga ilishinda kwa penalti. Ukitafuta mechi moja ya kumwonyesha mtoto ili aelewe kwa nini watu wazima hushikwa na homa kwa ajili ya timu hii, ni hiyo, ingawa mwisho wake ni mchungu. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola.

Hayo yanatosha kwa kuanzia. Mengine utayachukua kwa wazee.

Hatua ya tatu: tengeneza ratiba yako mwenyewe, tena kwa saa za kwako

Hapa ndipo watu wengi wa mbali hupotezea mechi, na kosa huwa ni la saa. Ratiba ya Bodi ya Ligi inaweza kuandikwa 16:00, lakini bango la klabu likaandika saa 10:00 jioni, na mtoto aliyekulia Ulaya akalisoma kuwa ni saa nne asubuhi ya Kiswahili. Mfundishe mapema kwamba saa za Kiswahili zinaanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, na kwamba neno asubuhi, mchana, jioni au usiku linalofuata namba si pambo, bali ni sehemu ya saa yenyewe.

Tanzania haibadilishi saa mwaka mzima, ila nchi unayoishi huenda inabadilisha. Mechi ya saa kumi jioni Tanga ni saa kumi na moja jioni Muscat, kiangazi na kipupwe. London mechi hiyo hiyo ni saa nane mchana wakati wa kiangazi, na saa saba mchana baada ya saa kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Minneapolis ni saa mbili asubuhi wakati wa kiangazi na saa moja asubuhi wakati wa baridi, maana yake shabiki wa huko anatazama mpira na chai mkononi. Mechi ya saa moja usiku ina nafuu kwa watu wa Minneapolis, kwa sababu inawafikia saa nne au saa tano asubuhi, lakini kwa Muscat ni saa mbili usiku, wakati ambao watoto wadogo wanatakiwa kulala. Zingatia pia kwamba Ulaya na Marekani hazibadilishi saa siku moja: Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, na Ulaya hubadilisha Jumapili za mwisho za Machi na Oktoba. Katika majuma hayo ya katikati, ndugu wa London na ndugu wa Minneapolis wataelezana saa wasielewane.

Njia rahisi ni kuziingiza mechi zote kwenye kalenda ya simu kwa saa za Dar es Salaam, ukiiacha simu yenyewe ifanye hesabu. Ligi Kuu ina timu 16, hivyo kila timu inacheza mechi 30, kwa kawaida kuanzia Agosti au Septemba hadi Mei au Juni. Usiziingize zote siku ya kwanza ukadhani kazi imekwisha. Ratiba ya ligi yetu hupanguliwa mara kwa mara kwa sababu ya kalenda ya FIFA, mashindano ya timu ya taifa na mechi za Simba na Yanga katika michuano ya Afrika, na hapo ndipo huzaliwa viporo, yaani mechi zilizoahirishwa ambazo huchezwa katikati ya juma ukiwa kazini. Jiwekee siku moja ya juma, Jumatatu kwa mfano, ya kuhakiki mechi mbili zinazofuata kwenye kurasa rasmi za Bodi ya Ligi na za klabu. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya nne: tafuta njia halali ya kutazama, na njia ya pili ya kusikiliza

Haki za kuonyesha Ligi Kuu ziko mikononi mwa Azam Media, ambayo mwaka 2021 ilisaini na TFF, yaani shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa aliyeko nje, mlango ni programu ya simu ya AzamTV Max, ambayo unaweza kuilipia bila kuwa na king’amuzi. Kabla ya kulipia mwezi mzima, angalia mambo mawili: kwanza, kama kifurushi unachokilipia kinafunguka katika nchi uliyopo; pili, kama mechi ya Coastal ya juma hilo imepangwa kuonyeshwa moja kwa moja. Mechi za Simba na Yanga huonyeshwa zote, lakini siku ambayo mechi kadhaa zinachezwa kwa wakati mmoja, ya kwako inaweza kuwa kwenye chaneli usiyoitarajia.

Viungo vya bure vinavyosambazwa kwenye makundi dakika chache kabla ya mpira kuanza viepuke. Vingi vinakatika dakika ya 30, vingine vinakutaka ubofye vitu ambavyo vitaiumiza simu yako, na vyote vinamnyima mwenye haki fedha ambazo sehemu yake inarudi kwa klabu yenyewe.

Redio isidharauliwe. TBC Taifa inapatikana kwa intaneti, na redio za mikoani nazo zimeanza kufuata njia hiyo. Mtangazaji mzuri wa redio anakupa kitu ambacho runinga haikupi, kwa sababu analazimika kukueleza nani ana mpira, yuko upande gani na mashabiki wa jukwaa la pili wanafanya nini. Kwa mzee anayeishi na wewe ugenini na ambaye macho yamepungua nguvu, redio ndiyo inayomrudisha nyumbani hasa. Wengi wa rika lake waliifuata ligi kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, si kwa picha.

Na jambo moja dogo ambalo huharibu raha za watu: matangazo ya intaneti huchelewa. Aliyeko uwanjani ataandika “gooo” kwenye kundi la familia wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Zima milio ya kundi hilo kwa dakika 90, au kubalianeni kwamba hakuna anayeandika bao mpaka wa mbali waseme wameliona. Familia moja niijuayo imeweka kanuni kwamba atakayewahi kutaja bao ndiye atakayelipa vocha ya babu, na kanuni hiyo inaheshimiwa kuliko nyingine zote za ukoo.

Hatua ya tano: mpate mtu wako wa nyumbani

Hatua hii ndiyo inayozishikilia nyingine. Mtu wa nyumbani ni ndugu au rafiki anayeishi Tanga, anayekwenda uwanjani au walau kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kutazamia mpira, cha mtaani kwao, na ambaye yuko tayari kukueleza kilichotokea kwa maneno yake. Matokeo utayapata popote, lakini huyu atakwambia kwamba beki wa kushoto amecheza na jeraha, kwamba watu waliondoka uwanjani dakika ya 80 kwa hasira, na kwamba kijiweni wanamlaumu kocha kwa kumtoa kiungo ambaye ndiye aliyekuwa akikaba. Hiyo ndiyo habari ya timu.

Chagua mtu ambaye mngezungumza hata kama mpira usingekuwepo. Binamu wa rika lako anafaa kuliko mtu maarufu mwenye wafuasi wengi, kwa sababu binamu atakujibu. Mwonee huruma pia: usimgeuze kuwa mwandishi wako wa habari asiyelipwa. Bando lina gharama, na kumwomba akutumie video za dakika kumi kila mechi ni kumtwisha mzigo; mtumie vocha au kifurushi mara kwa mara bila kusubiri aombe, nawe ridhika na ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Siku timu imefungwa, usimpigie dakika ileile ya mwisho wa mchezo kumuuliza imekuwaje. Mwache apumue hadi usiku.

Kundi la WhatsApp la mashabiki ni nyongeza nzuri, ila si mbadala wa mtu huyo. Unapoingia kundi la wenyewe, jitambulishe kwa mzazi na mtaa, useme kwa mfano kwamba wewe ni mtoto wa fulani wa Ngamiani au wa Chumbageni, na utaona namna mlango unavyofunguka. Kaa kimya siku za mwanzo usome mwenendo wa watu. Mtu wa ughaibuni anayeingia na kuanza mara moja kufundisha namna klabu zinavyoendeshwa Ulaya atajibiwa kwa adabu mara ya kwanza. Mara ya pili hatajibiwa.

Hatua ya sita: toa fedha mahali ambapo zinafika

Mtu wa mbali ana nafasi kubwa zaidi ya kutapeliwa kwa sababu ana hamu ya kusaidia na hana macho ya kuona. Taratibu chache zinatosha kumlinda.

Kwa uanachama, omba kwanza kuelezwa na ofisi ya klabu, kupitia mawasiliano rasmi, masharti ya kujiunga, ada ya mwaka, namna ya kupata risiti, na kama mwanachama aliye nje ya nchi anaweza kushiriki mkutano mkuu kwa njia yoyote au lazima awepo mwenyewe. Kama hakuna jibu la maandishi, mtume mtu wako wa nyumbani afike ofisini na akuletee picha ya fomu. Uanachama usiokupa haki yoyote si vibaya kuulipia kwa mapenzi, mradi ujue kwamba ndicho unachokifanya.

Kwa michango, usitume fedha kwenye namba ya mtu binafsi kwa sababu tu tangazo lina nembo ya klabu na maneno ya huruma kuhusu nauli ya timu. Linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye kurasa rasmi, kisha mpigie mtu wako aulize kijiweni, kwani mchango wa kweli huwa unajulikana mtaani. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha muamala lisomwe kwa makini. Likiwa si la klabu, sitisha.

Kwa jezi, agiza mapema, kwani jezi za msimu mpya hutoka karibu na mwanzo wa ligi na za klabu ndogo hutengenezwa kwa idadi ya kubahatisha. Usiseme unataka L au XL, maana vipimo vya kiwanda kimoja si vya kingine. Mwombe muuzaji apime kifua na urefu kwa sentimita na akutumie picha ya jezi ikiwa juu ya meza pamoja na futi ya kupimia. Usafiri wa bei nafuu ni msafiri: kila familia ina mtu anayerudi kutoka likizo akiwa na kilo mbili za nafasi kwenye begi, na jezi nne hazifiki hata kilo hizo. Kama unataka zawadi isiyouzwa popote, mwombe ami au shangazi akutafutie jezi ya zamani ya marehemu, hata ikiwa imechakaa, na usiifue kwa mashine.

Hatua ya saba: amua mapema kuhusu timu ya pili

Ikiwa ukoo wenu una Coastal na Simba, au Coastal na Yanga, kuna siku mbili kwa msimu ambazo timu zako zitakutana. Amua kabla. Msimamo wangu ni kwamba timu ya mji wenu inatangulia, kwa sababu Simba na Yanga zina mamilioni ya watu wa kuzishangilia na hazitagundua kuwa umekosekana siku hiyo. Wapo watakaokataa, na hoja yao ni kwamba ubingwa ni ubingwa. Lisilokubalika ni kubadilika kulingana na matokeo. Watani watakukumbusha hilo kwa miaka.

Utani wenyewe uupokee kama ulivyo. Mtu akikuita shabiki wa WhatsApp, mjibu kwa kumtajia msimu ambao timu yake ilifungwa na yenu. Ila chunga mpaka: masihara kuhusu msiba, ukoo au dini ya mtu hayana nafasi, na ukiwa mbali huwezi kuona uso wa unayemtania.

Hatua ya nane: mrithishe mtoto bila kumlazimisha

Mtoto aliyezaliwa Leicester ana timu ya shule, ya marafiki na ya runinga. Usishindane nazo. Mpe nafasi ndogo katika jambo la ukoo: yeye ndiye wa kumpigia babu kumwambia matokeo, yeye ndiye wa kutunza msimamo wa ligi kwenye jokofu kwa kalamu, yeye ndiye wa kubashiri mabao dhidi ya binamu zake. Kiswahili chake kikiwa kidogo, mpira ni darasa zuri, kwani maneno ni machache na yanajirudia: sare, kona, kadi, kiungo, mkondo wa kwanza, marudiano. Akisema hataki, mwache. Wengi hurudi wenyewe wakiwa wakubwa, hasa baada ya kufika nyumbani.

Hatua ya tisa: ifanye safari ya Mkwakwani, lakini usiifunge kwenye tarehe moja

Kosa la gharama kubwa ni kukata tiketi ya ndege kwa ajili ya mechi moja. Mechi ya Simba na Yanga iliyopangwa Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile, na ikaja kuchezwa Juni 25. Kama mechi kubwa kuliko zote nchini inaweza kupatwa na hayo, ya Coastal haina kinga. Panga kukaa muda ambao ndani yake kuna walau mechi mbili za nyumbani. Hakikisha pia uwanja: Mkwakwani, kama viwanja vingine vya mikoani, unaweza kuzuiwa kutumika kwa sababu ya hali ya sehemu ya kuchezea, na timu ikalazimika kucheza mechi zake za nyumbani mkoa mwingine. Mpigie mtu wako juma la mechi.

Kutoka Dar es Salaam, mabasi huondoka kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi na kufika stendi ya Kange, Tanga, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 350 kupitia Chalinze na Segera. Usisafiri asubuhi ya mechi, nenda siku moja kabla. Tiketi ya mzunguko, yaani ya majukwaa ya kawaida, ni ya bei ya chini na ndiko waliko watu wanaoimba. Jukwaa kuu lina kivuli na linamfaa mzee au mtoto mdogo. Mwulize ami walikokuwa wakikaa zamani, kisha kaeni hukohuko, na umchukue pamoja nawe kama afya inamruhusu. Kiingilio, usafiri wa kurudi na chakula cha baada ya mpira ni juu yako wewe uliyetoka mbali; hilo halijadiliwi.

Ikiwa timu itashuka daraja

Kwa utaratibu wa misimu ya karibuni, timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na zilizomaliza nafasi ya 13 na ya 14 huingia kwenye mechi za mchujo. Coastal imeshapitia hayo, hivyo weka mpango. Mechi za Ligi ya Championship, yaani daraja lililo chini ya Ligi Kuu, huonyeshwa kwa uchache, kwa hiyo utategemea zaidi redio za Tanga, kurasa za klabu na mtu wako wa nyumbani. Usisitishe ada ya uanachama msimu huo, kwani mapato ya milangoni na ya wadhamini hupungua wakati mechi za ugenini hazipungui. Fuatilia dirisha la usajili la katikati ya mwaka ili ujue nani ameondoka na nani amebaki. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga mwaka 2020, na wachezaji wazuri wa timu iliyoshuka huondoka upesi kuliko hivyo. Badilisha vikumbusho vya kalenda, ongeza vocha ya binamu, na mwombe akueleze vijana wa akiba wanaopandishwa, maana hao ndio utakaowasikia majina yao msimu timu itakaporudi.